Seti ya dambeli "kilo 20" na mikanda ya mpira: miezi mitano na kijana wangu wa miaka 15

Nilinunua vitu viwili kwa mpigo Kariakoo mwanzoni mwa mwezi wa pili, seti ya dambeli za kubadilisha uzito iliyoandikwa kilo 20 kwa shilingi 145,000, na mfuko wa mikanda ya mpira mitano yenye mishikio kwa 35,000, jumla 180,000. Nimesubiri miezi mitano ndo naandika maana wiki ya kwanza kila kitu kipya ni kizuri. Mtumiaji ni kijana wangu, ana miaka 15, yuko kidato cha pili, na hatukununua ili ajenge kifua, tulinunua kwasababu ya sukari.

Ngoja nianzie hapo. Kijana alikuwa na weusi shingoni kwa nyuma, ule weusi mzito kama velveti, na makwapani pia. Mi nikajua uchafu. Nimemsugua na dodoki karibu mwaka mzima, namgombeza haogi vizuri, na mtoto alikuwa anaoga asubuhi na jioni. Siku tumeenda hospitali kwa kikohozi tu, daktari akamgeuza shingo akaniuliza, mama, kwenu kuna mtu ana sukari? Nikamwambia mama yangu mzazi, alikatwa mguu 2019. Akaniambia huo weusi hautoki kwa dodoki, ni dalili kwamba insulini, ile homoni inayotoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini, imejaa kwenye damu sababu mwili hauisikii vizuri, kwahiyo kongosho linazidi kuimwaga, linamwaga mpaka siku litachoka. Tukiwa kwenye bajaji tunarudi Tabata nikamwomba mwanangu msamaha.

Vipimo vilitoka hivi: sukari kabla ya kula 6.2, na kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu asilimia 5.9. Kisukari chenyewe kinahesabiwa kuanzia 7.0 kwa ile ya kabla ya kula na 6.5 kwa ile ya miezi mitatu, kwahiyo alikuwa hajafika ila ameshaingia njiani. Uzito kilo 94, urefu sentimita 168.

Daktari akatuelewesha kitu ambacho sikuwahi kukisikia popote, kwamba kipindi cha kubalehe insulini inafanya kazi kwa shida kwa kila kijana, hata yule mwembamba, sasa ukiweka na mafuta ya tumboni juu yake ndo mzigo unakuwa mara mbili. Alafu akasema misuli ndo ghala kubwa la sukari mwilini, ukishakula sehemu kubwa ya sukari inatakiwa iende huko, na msuli ukiwa unafanya kazi unafungua milango yake wenyewe na kuvuta sukari bila kuisubiri insulini ibishe hodi. Ndo maana mazoezi ya kubeba uzito yana maana hata kama mizani haijashuka. Akanitajia utafiti uliofanyika Los Angeles ukatoka 2006, vijana wa kiume wanene wenye asili ya Amerika ya Kusini na Meksiko walibeba vyuma mara mbili tu kwa wiki kwa wiki 16, na mwili wao kuisikia insulini ukapanda kwa asilimia 45, wakati wale wasiofanya walibaki pale pale. Mwingine wa Pittsburgh wa 2012, vijana 45 wanene, kundi moja mazoezi ya pumzi kama kukimbia, kundi lingine vyuma, kundi lingine wakakaa tu, miezi mitatu. Makundi yote mawili ya mazoezi mafuta ya tumboni yalipungua, lakini wa vyuma ndo walioisikia insulini vizuri zaidi, asilimia 27. Nilimwambia aniandikie kwenye karatasi ile ya dawa maana nilijua nikifika nyumbani baba yake ataniuliza.

Mwanzo tulijaribu jimu. Ya mtaani, elfu 50 kwa mwezi, jina sitalitaja. Mwalimu akampandisha kwenye mashine ya kukimbilia dakika 40 siku ya kwanza, kijana anahema, kuna mtu akamrekodi na simu. Akarudi hajasema kitu, siku ya tatu akaanza kuumwa tumbo kila saa ya jimu ikifika. Na shuleni ni hivo hivo, kwenye kuzunguka uwanja yeye ndo wa mwisho kila mara, wenzake wanampigia makofi yale ya kumcheka. Wazazi wenye watoto wanene mnaelewa, huyu mtoto hajakataa mazoezi, amekataa kuangaliwa. Ndo nikaamua vifaa vije ndani, tufunge mlango.

Sasa dambeli. Ndani ya boksi kuna vyuma viwili vya kushikia, nati nne, na pleti 12: nne za kilo 1.25, nne za 1.5, nne za 2. Ukijumlisha na vyuma vya kushikia, karatasi inasema kilo 20. Pleti ni plastiki ngumu nyeusi ndani zimejazwa saruji. Mi nimelelewa dukani kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofanya nilizibeba nikaenda nazo duka la jirani kwenye mizani ya mchele. Ya kilo 2 ina 1.8. Ya 1.5 ina 1.4. Ya 1.25 ina 1.1. Cha kushikia kina nusu kilo kweli. Ina maana dambeli moja ukiijaza yote ni kilo 9.1, zote mbili 18 na ushee kidogo, nimelipia karibu kilo mbili za hewa. Kwa mtoto anayeanza haina madhara, alikuwa anaanza na pleti mbili tu, lakini ukiwa unaandika maendeleo kwenye daftari andika uzito wa mizani, usiandike wa kwenye plastiki.

Kinachoudhi zaidi ya huo upungufu ni mruko. Ukitumia pleti moja kila upande unapata kilo 3, 3.5 na 4.5 kwa namba zao za plastiki, hapo vizuri, hatua ndogo ndogo. Ukitaka kwenda juu ya 4.5 unatakiwa uweke mbili mbili kila upande na hapo chini kabisa ni 6, alafu 7, 7.5, na ukishajaza zote unaruka moja kwa moja mpaka 10. Kwa miguu haisumbui. Kwa mabega inasumbua sana, kijana alikaa wiki tano na ile ya 4.5 kwenye kusukuma juu ya kichwa kwasababu 6 ilikuwa inampinda mgongo. Mngetuwekea hata pleti nne za nusu kilo, boksi lingebaki bei ile ile. Tulichofanya, soksi mbili tukazijaza mchanga, kila moja robo kilo kwa mizani, tukazifunga na raba huku na huku kwenye cha kushikia. Imefanya kazi.

Nati zinalegea. Hili nalisema kwa uzito maana ni hatari, ukifanya seti mbili bila kukaza pleti inaanza kucheza, na mwezi wa tatu moja ikachomoka ikaanguka kwenye vigae. Kigae kimepasuka, pleti yenyewe imepasuka pembeni saruji ikamwagika chini, unga wa kijivu sebule nzima. Mguu ulipona kwa kiasi cha vidole vitatu. Kanuni ya nyumbani ikawa kila seti ikiisha kaza, kabla ya kunyanyua kaza, na hakuna kufanya peku. Chini tumetandika yale makapeti ya mpira ya gari, nilipata manne yaliyotumika kwa elfu 12 kwa fundi, yanafaa kabisa, msihangaike kununua mkeka maalum.

Pleti iliyopasuka niliirudisha dukani. Nikaambiwa mali ikishatoka hairudi, dada, na risiti imeandikwa hivo kweli kwa herufi ndogo chini. Sikupewa hata bei ya kununua pleti moja peke yake kwasababu hawauzi moja. Tumeifunga na gundi na selotepu ya mabomba, inaendelea. Kwahiyo mkienda kununua fungueni boksi pale pale, geuzeni kila pleti mwangalie ule mshono wa pembeni, zungusheni nati kila moja mpaka mwisho maana moja yangu ilikuwa na uzi umeliwa nikabadilishiwa papo hapo bila shida, ukifika nyumbani biashara imeisha.

Mikanda ya mpira nilinunua kama nyongeza, kumbe ndo iliyotubeba mwezi wa kwanza. Ni mirija mitano ya rangi tofauti, wa njano laini mpaka mweusi mgumu, unaweza kuunganisha miwili kwa ndoano, kuna mishikio na kile kishikizo cha kubana mlangoni. Uzuri wake ni kwamba haidondoki, haipigi kelele, jirani wa chini hajui unafanya nini, na kijana anaweza kufanya zoezi la kuvuta ambalo kwa dambeli bila benchi ni gumu kulipatia. Akikaa chini, miguu mbele, anavuta mkanda mpaka kwenye mbavu, mgongo umenyooka. Mgongo wake umenyooka hata akiwa anatembea sasa, walimu wamesema.

Ila iangalieni. Tuliianika barazani kwenye jua wiki mbili tatu, sikujua, na jua la Dar linakula mpira. Mwezi wa nne ule mwekundu ukakatika pale unapoingia kwenye ndoano ya chuma, ukamchapa mkono, alama ilikaa siku kumi. Ungepiga jicho tungekuwa tunaongea mengine. Sasa inakaa droo ya chini gizani, tunaipaka poda ya mtoto kidogo, na kabla ya kuanza anaivuta taratibu anaangalia kama kuna nyufa, hasa karibu na chuma. Na kishikizo cha mlangoni kiwekwe upande ambao ukivuta mlango unazidi kujifunga, usiweke kwenye mlango unaofunguka kukufuata, na mlango ufungwe kwa ufunguo kabisa maana mdogo wake aliufungua siku moja katikati ya seti.

Anachofanya ni kidogo kuliko watu wanavyofikiria. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, kama dakika 35. Wiki mbili za kwanza hakushika chuma kabisa, skwati kwa kiti (anakaa anasimama), pushapu kwa kushika ukingo wa meza, kuvuta mkanda wa njano, kunyanyua makalio akiwa amelala chali. Baada ya hapo tukaongeza dambeli, mazoezi sita, seti mbili mbili, mara kumi mpaka kumi na tano, akifika kumi na tano kwa mwendo safi siku mbili mfululizo anaongeza. Asizuie pumzi, anatoa pumzi akisukuma. Siku nyingine anatembea na baba yake jioni mpaka Segerea na kurudi, na huko hakuna aliyemlazimisha. Shirika la Afya Duniani wanasema watoto na vijana mpaka miaka 17 wapate wastani wa dakika 60 za kujishughulisha kila siku na mazoezi ya kukaza misuli walau siku tatu za wiki, kwahiyo hizo siku tatu sikuzitoa kichwani.

Majirani walinijia juu kwamba mtoto akibeba vyuma atadumaa. Bibi mkubwa wa familia alinipigia simu kutoka Tanga kwa ajili hiyo hiyo tu. Nikamuuliza daktari, akasema hilo halina ushahidi, vijana wakianza na uzito mdogo, wakafundishwa mwendo, na mtu mzima akawa karibu, ni salama, kinachoumiza ni kushindana kunyanyua uzito wa mwisho wa uwezo na kuangushiwa vitu. Nikampigia bibi nikamwambia, shikamoo bibi, nimeuliza, mtoto ataendelea kurefuka. Amerefuka sentimita mbili tangu wakati ule.

Kuna jambo ambalo ndo limenifanya niandike yote haya. Mtoto mnene akikimbia anakuwa wa mwisho siku zote, kilo zake zote anazibeba yeye. Akishika chuma mambo yanageuka, maana miguu iliyobeba kilo 94 kila siku tangu darasa la sita ni miguu yenye nguvu. Wiki ya sita alikuja binamu yake mchezaji mpira, mwembamba, fundi wa kukimbia, akataka kujaribu skwati na dambeli zote mbili zimejaa. Aliishia mara 14. Wangu alifanya 25 akaziweka chini polepole kama nilivyomfundisha, akanywa maji, akanyamaza. Sijamwona na sura ile tangu akiwa mdogo. Tangu siku ile sijamkumbusha zoezi hata mara moja, saa kumi na moja na nusu mlango wa sebule unafungwa wenyewe.

Na ndo maana mizani ya kupimia uzito wa mwili niliiondoa chumbani. Tunapima mara moja kwa mwezi, tena mkanda wa fundi cherehani kiunoni kwanza. Kwenye daftari anaandika vyuma, hajiandiki yeye.

Matokeo sasa, na niseme ukweli wote kwasababu hizi dambeli hazikufanya peke yake. Tumeacha kuweka soda ndani, chupa moja ya kola ya mililita 350 ina kama vijiko tisa vya sukari na yeye alikuwa anakunywa mbili kwa siku, moja ya shuleni moja ya hapa nyumbani na ya hapa nilikuwa nainunua mimi mwenyewe. Chipsi mayai zimebaki Jumamosi. Ugali upo, umepungua, mboga na maharage vimeongezeka, na chai yake kijiko kimoja. Kwahiyo nikikuambia sukari kabla ya kula imeshuka kutoka 6.2 mpaka 5.4, na ile ya miezi mitatu kutoka 5.9 mpaka 5.6, siwezi kukugawia hapa ni chuma hapa ni soda. Uzito umeshuka kilo tatu tu, yuko 91. Kiuno kimepungua sentimita tisa. Daktari alivoona namba za kiuno na za uzito pamoja ndo alifurahi zaidi, akasema ina maana mafuta yametoka na msuli umeingia. Weusi wa shingo umefifia, bado upo kwa mbali, tumeambiwa unachukua muda. Anarudi kupima mwezi wa kumi.

Kama una mtoto wa hivi usianze na duka, anza na kipimo. Kama ana kiu isiyoisha, anaamka usiku kukojoa mara nyingi, anapungua bila sababu, hiyo ni hospitali leo leo, sio dambeli. Na kama ana maumivu ya kifua, magoti au nyonga, mwambie daktari kwanza.

Kwenye pesa sasa. Ukiwa na 35,000 tu nunua mikanda, mtoto atapata mwezi mzima au miwili ya kazi ya maana, na kwa miguu mjazie begi la shule mchele kilo tano, kumi, alikumbatie kifuani achuchumae. Ndoo ya lita kumi yenye mfuniko ukiijaza maji ni kilo kumi na haidanganyi kama pleti zangu. Mikanda naipa nyota nne, ingekuwa tano kama zile ndoano zisingekuwa zinakata mpira. Dambeli nyota tatu. Zimefanya kazi niliyozinunulia na kijana amezipenda, ila uzito wa kwenye plastiki ni wa uongo, nati ni mbovu na duka halina huduma ukishalipa. Kwa mtoto mwembamba wa miaka 13 zingedumu hata miaka miwili. Kwa kijana mkubwa kama wangu miguu ilishazipita mwezi wa tatu, sasa anafanya skwati ya mguu mmoja mbele mmoja nyuma ili zimtoshe.

Nimeanza kuweka pembeni hela ya seti ya chuma kitupu cha kilo 30, zipo za kuanzia 230,000, na nati zake ni zile za mpira ndani zisizolegea. Ameniambia tukienda atabeba mizani ya mkono kwenye begi, pleti zipimwe pale pale kaunta kabla sijatoa hata senti.